Utawa wa Tatu, Lejio na Jumuiya: jinsi walei wa Nairobi walivyopata njia za kuchagua

Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilikuwa na kanuni ya 705, iliyomkataza mlei aliyekwisha kujiunga na Utawa wa Tatu (tawi la walei) wa shirika moja kuingia pia ule wa shirika jingine, isipokuwa kwa ruhusa ya Roma. Sheria mpya ya mwaka 1983 ililegeza kamba, na kanuni yake ya 307 inamruhusu Mkristo kuwa mwanachama wa vyama zaidi ya kimoja. Hata hivyo mashirika yenyewe hayakulegea. Katiba ya Wafransisko Wasekulari inasema waziwazi kwamba aliyejifunga kwa ahadi ya kudumu katika familia nyingine ya kitawa hawezi kuwa mmoja wao. Kwa hiyo karani wa Nairobi, mwalimu wa Kawangware au mama wa watoto wanne kule Dagoretti anayetaka kuishi kitawa bila kuondoka nyumbani kwake ana uamuzi mmoja mzito wa kufanya. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia ya mji huu uamuzi huo haukuwapo. Mlei alipokea kile ambacho wamisionari wa parokia yake walikuwa nacho.

Huko Ulaya njia hizi ni za kale sana. Mwaka 1221 wafuasi walei wa Fransisko wa Asizi walipewa kanuni yao ya kwanza ya maisha. Wanaume wa shirika walihesabiwa wa kwanza, watawa wa Klara wa pili, na walei, wenye ndoa na wasio na ndoa, wakawa wa tatu. Mwaka 1285 Munio wa Zamora aliwaandikia walei wa Kidominiko kanuni yao. Katarina wa Siena, ambaye wengi humdhania sista wa klauzura, aliishi na kufa akiwa mlei wa kundi hilo mwaka 1380. Papa Leo XIII aliirahisisha kanuni ya Wafransisko mwaka 1883 ili mfanyakazi wa kawaida aimudu, naye Papa Paulo VI akatoa ile inayotumika leo mwaka 1978.

Nairobi ilifikiwa na Ukatoliki pamoja na reli. Mwaka 1899 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St Austin's upande wa magharibi wa kambi ya reli, mahali ambapo leo tunapaita Lavington na Msongari. Walipanda kahawa, na mbegu hiyo ya misheni ikaenea mashambani kwa jina la French Mission, jina ambalo wakulima wa kahawa wanalijua mpaka leo. Wakonsolata, shirika lililoanzishwa Turin na padre Giuseppe Allamano mwaka 1901, waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902. Mashirika haya mawili ndiyo yaliyolea Ukatoliki wa Nairobi na viunga vyake, na yote mawili yalizaliwa kwa ajili ya misheni, bila Utawa wa Tatu wa karne nyingi nyuma yake. Padre aliweza kumpa mlei rozari, skapulari, katekisimu na kazi ya ukatekista. Undugu wa walei wenye kanuni yao, malezi yao na viongozi wao waliowachagua wenyewe haukuwa sehemu ya urithi wake.

Isitoshe, mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Kanisa la Mtakatifu Petro Klaveri, Racecourse Road, lilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Wazungu na Wagoa walikuwa na misa zao kwingine. Hata mlei mwenye moyo wa kutumikia alijua mapema atatumikia pamoja na nani, na nani hatakaa naye meza moja.

Katika mji huo aliingia Edel Quinn mwishoni mwa mwaka 1936. Ninakaa kwake kirefu kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna mlei aliyelibadilisha Kanisa la Afrika Mashariki zaidi yake. Alizaliwa mwaka 1907 katika kaunti ya Cork, Ireland, akawa karani wa ofisi moja ya vigae huko Dublin. Mwajiri wake Mfaransa alimchumbia, naye akakataa kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwa Waklara wa Belfast, watawa wa klauzura. Kabla hajaingia, kifua kikuu kilimkamata. Alilazwa sanatoria kwa karibu mwaka mmoja na nusu, na alipotoka mlango wa konventi ulikuwa umefungwa kwake.

Kilichobaki kilikuwa Lejio ya Maria, chama cha walei ambacho Frank Duff, mtumishi wa serikali, alikianzisha Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Chama hicho kilikuwa bado kichanga. Hakikuwa Utawa wa Tatu na hakikudai kuwa hivyo. Kilitaka sala ya pamoja na kazi ya kila wiki. Askofu Heffernan, ambaye vikarieti yake ya Zanzibar wakati huo ilijumuisha Nairobi, aliomba mjumbe. Dublin walibishana kama ni haki kumtuma mwanamke mwenye mapafu mabovu. Yeye mwenyewe alisisitiza aende. Akaja, akiwa na umri wa miaka 29.

Alianza Nairobi, na ndipo ukaonekana ugumu wa kazi yake. Vikundi vilivyo chini vya Lejio, vinavyoitwa presidiamu, viliweza kuundwa kufuata parokia na lugha, lakini baraza lililo juu yake, kuria, lilipaswa kuwa moja. Maana yake ni kwamba Mzungu, Mgoa na Mwafrika waliochaguliwa kuwa viongozi wangeketi chumba kimoja na kutoa ripoti kwa zamu, katika koloni ambalo hospitali, shule na hata vyoo vilitengwa. Wapo waliomwambia haiwezekani. Edel hakukubali kuunda kuria tatu. Alisafiri kwa malori, kwa treni na kwa gari kuukuu la Ford, akafika Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Morisi, na kila alipofika alishughulikia tafsiri ya sala za Lejio katika lugha za wenyeji. Mwaka 1941 alianguka kabisa, akatibiwa Afrika Kusini, akarudi Kenya mwaka 1943. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akazikwa katika makaburi ya wamisionari pale St Austin's. Papa Yohane Paulo II alitambua fadhila zake za kishujaa mwaka 1994, hatua inayotangulia kutangazwa mwenyeheri.

Mkutano aliouleta unafanyika leo karibu vilevile. Ukiingia chumba cha presidiamu utaona meza yenye kitambaa cheupe, sanamu ya Bikira Maria katikati, mitungi miwili ya maua, mishumaa miwili, na mbele kidogo, upande wa kulia, bendera ndogo ya Lejio yenye umbo la njiwa juu. Rozari husaliwa kwa magoti. Husomwa kumbukumbu za wiki iliyopita, kisha kila mwanachama hueleza kwa sauti kazi aliyopewa na jinsi alivyoifanya: mgonjwa aliyemtembelea, ndoa iliyoyumba, kijana aliyeacha kanisa. Katikati ya mkutano wote husimama kwa sala ya Katena. Mfuko wa siri hupitishwa, kila mmoja akaingiza mkono wake bila mwingine kujua ametoa nini au hakutoa kitu. Muda haupaswi kuvuka saa moja na nusu. Mgeni hujaribiwa kwa miezi mitatu, ndipo hutoa ahadi yake, na ahadi hiyo huelekezwa kwa Roho Mtakatifu. Nidhamu hii ndiyo siri ya kuenea kwake. Haihitaji padre awepo kila mara, na haihitaji msomi.

Anayeitafuta awe mwangalifu na jina. Miaka ya 1960, katika eneo la Waluo, waumini walioongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walijitenga na Kanisa Katoliki wakaunda kanisa lao, Legio Maria, lenye makasisi na liturujia yake. Mizizi ya jina ni ile ya chama cha Edel, ila moja ni chama ndani ya Kanisa Katoliki na jingine ni kanisa linalojitegemea.

Njia ya pili kubwa ilifika mwaka 1958, wanachama wa Opus Dei walipoanza kazi Nairobi. Mwaka 1961, uhuru ukiwa bado miaka miwili mbele, walifungua Chuo cha Strathmore huko Lavington, chini ya David Sperling, kwa vijana wa rangi zote. Mwaka huohuo Olga Marlin na wenzake wakafungua Kianda, chuo cha ukatibu kwa wasichana, nacho kikakataa ubaguzi. Ofisi nyingi za katikati ya mji zilipata makatibu wao wa kwanza Waafrika kutoka hapo. Watu hulichanganya shirika hili na Utawa wa Tatu. Halina uhusiano na watawa wowote. Tangu mwaka 1982 ni prelatura binafsi, na wengi wa wanachama wake ni watu wenye ndoa wanaofundishwa kuitakasa kazi yao ya kila siku. Kwa daktari au mhasibu ambaye sala yake inaishia mlangoni mwa ofisi, hii ni shule ya kweli.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake kuhusu utume wa walei mwezi Novemba 1965. Hapa kwetu matunda yake makubwa yalikuwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele walipokutana Nairobi mwaka 1976. Jumuiya haichaguliwi, mtaa unaoishi ndio unaoamua. Katika parokia nyingi, asiyejulikana na jumuiya yake hupata shida anapotaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakikimbilia Utawa wa Tatu ili kuepa jumuiya ya jirani zao wanaowachosha. Utawa wa Tatu hautawaokoa, maana nao ni jumuiya, na ina watu wanaochosha.

Miaka ya 1970 na 1980 ndipo uwanja ulipopanuka. Matawi ya Wafransisko, Wadominiko na Wakarmeli yalifungua nyumba Kenya, na eneo la Lang'ata na Karen likajaa nyumba za malezi za mashirika kutoka kila pembe ya dunia, yakivutwa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki, ambacho Papa Yohane Paulo II alikizindua mwaka 1985, na Chuo cha Tangaza, kilichoanzishwa mwaka 1986. Palipo na ndugu wa shirika, walei wao hufuata. Wajesuiti nao, wenye parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, ambako Papa Fransisko alifika Novemba 2015, wana walei wao wa Jumuiya ya Maisha ya Kikristo, inayofuata mazoezi ya kiroho ya Ignasi. Mkutano mkuu wa dunia wa jumuiya hiyo ulifanyika Nairobi mwaka 2003. Anayevutwa na Wabenediktini hujifunga na monasteri moja tu kama oblati, na kwa mkazi wa Nairobi iliyo karibu ni ile ya Tigoni, upande wa Limuru.

Sasa mlei achague vipi? Nimewasikia wengi wakichagua kwa kitabu: wamesoma maisha ya Teresa wa Avila wakalia, basi wanataka Karmeli. Ni mwanzo mzuri, lakini Karmeli itamdai nusu saa ya sala ya kimya kila siku, kila siku kweli, na malezi ya miaka ipatayo sita kabla ya ahadi ya kudumu. Mtu anayepanda matatu saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku aipime nusu hiyo ya saa kabla ya kuomba kupokelewa. Wafransisko humtaka mwaka mmoja au zaidi wa malezi ya kwanza, na ahadi yao huwa ya maisha yote, ya kuishi Injili kwa udogo na kuwa karibu na maskini. Kwa mtu ambaye tayari hawezi kumpita mgonjwa, hapo ni kwao. Wadominiko husimama juu ya sala, masomo, jumuiya na mahubiri. Asiyependa kusoma atateseka bure. Asiye na muda wa malezi marefu lakini ana jioni moja ya wiki na miguu yenye nguvu, Lejio inamsubiri parokiani kwake, na ningependa watu waache kuiona kama kitu cha akina mama wazee tu.

Wapo wanaochagua kwa sare, na wapo wanaofuata rafiki. Simlaumu anayefuata rafiki. Ushauri wangu ni kwamba aende aketi na kundi lenyewe kwa miezi kadhaa bila kuahidi kitu, aangalie kama wanapatana wanapotofautiana, na kama mlezi wao anawaruhusu kuuliza maswali. Aliye na ndoa amweleze mwenzake mapema, kwa sababu mkutano wa mwezi huangukia siku ambayo familia iko nyumbani.

Pia afikirie kazi yake. Mwalimu au polisi anaweza kuhamishwa kutoka Dagoretti hadi Lodwar kwa barua ya siku moja. Huko atapata jumuiya, na yumkini Lejio. Kundi la Wakarmeli au Wadominiko huenda asilipate, na italazimu aombe uongozi wake wa Nairobi umweleze atakavyoendelea kuhesabiwa mwanachama akiwa mbali, jambo ambalo ni rahisi kulipanga kabla ya ahadi kuliko baada yake.