Betheli: Nyumba Tatu Katika Jina Moja

Utangulizi

Majina ya mahali katika maandiko ya kale hayakuwa alama tupu za kutofautisha kijiji kimoja na kingine. Mara nyingi yalibeba hoja. Mfano ulio wazi ni Betheli, mji wa nchi ya vilima kaskazini mwa Yerusalemu. Wataalamu wengi huulinganisha na Beitin, kijiji cha Wapalestina kilicho karibu na Ramallah. Edward Robinson alipoutambua hivyo mwaka 1838, mojawapo ya nguzo za hoja yake ilikuwa ya kiisimu: jina la Kiarabu limehifadhi umbo la Kiebrania, ila sauti ya mwisho, l, imekuwa n. Uchimbaji ulioanzishwa na William F. Albright mwaka 1934 ulidhihirisha kuwa watu waliishi hapo tangu Enzi ya Shaba.

Jina hili limeundwa kwa maneno mawili: beth, yaani nyumba, na El, yaani Mungu. Asili zake si ngeni kwa Mswahili. Beth ni ndugu wa bayt ya Kiarabu, ambayo ndiyo chimbuko la ubeti wa shairi na ndiyo inayosikika katika Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883. El nayo ni jamaa ya ilah, linakotoka neno Ilahi, ambalo watunzi wa tenzi hulitumia katika dua zao.

Nyumba ya Mungu

Kwa mujibu wa Mwanzo 28, Yakobo, akimkimbia nduguye Esau, alilala nje na kuweka jiwe chini ya kichwa chake. Akaota ngazi iliyofika mbinguni, na malaika wakipanda na kushuka. Alipoamka alilisimamisha jiwe lile kuwa nguzo, akalimiminia mafuta, na mahali palipoitwa Luzu akapaita Betheli. Yafaa kuzingatia kwamba nyumba hii haikuwa na ukuta wala paa. Utakatifu wake ulitokana na tukio, na jina ndilo lililoulinda. Baadaye, katika Waamuzi 20, Waisraeli wanakwenda huko kufunga na kumwuliza Mungu shauri, na sanduku la agano liko hapo.

Nyumba ya ufalme

Ufalme ulipogawanyika, yapata mwaka 930 KK, Yeroboamu wa kaskazini alikabiliwa na tatizo la kisiasa. Iwapo raia wake wangeendelea kwenda Yerusalemu kutoa dhabihu, mioyo yao ingerudi kwa wafalme wa huko. Kwa hiyo, kama isemavyo 1 Wafalme 12, aliweka ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mwingine Dani. Hakuhitaji kubuni utakatifu mpya. Aliazima ule ulioachwa na Yakobo.

Matokeo yake yanaonekana katika Amosi 7, katika karne ya 8 KK. Kuhani Amazia anamkataza nabii Amosi kutabiri Betheli, kwa sababu hapo ni patakatifu pa mfalme na, kwa Kiebrania, beth mamlakha, nyumba ya ufalme. Neno beth limebaki, lakini mwenye nyumba amebadilika. Kuhani mwenyewe, bila kukusudia, ametamka shtaka ambalo nabii angeweza kulitoa.

Nyumba ya ubatili

Hosea, nabii wa karne hiyohiyo, alikwenda mbali zaidi. Alipowaonya watu wasiende kuabudu huko, aliutaja mji kwa jina la Beth-aveni, nyumba ya ubatili au uovu. Kwa mujibu wa Yoshua 7, Beth-aveni palikuwa mahali jirani. Hosea alichukua jina la jirani akalifanya kebehi. Amosi naye alikuwa ametumia neno lilo hilo, aven, kuutabiria mji maangamizi. Hata hivyo, Hosea anapomkumbuka Yakobo, katika sura ya 12, anarudia jina la Betheli. Hakulikana tukio la kale. Alipinga matumizi yake ya wakati wake. Mwishoni mwa karne ya 7 KK mfalme Yosia aliibomoa madhabahu ya Betheli, kama isimuliavyo 2 Wafalme 23.

Tatizo la mfasiri

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, inayojulikana kama Union Version, huyaacha majina Betheli na Beth-aveni katika umbo la Kiebrania, ilhali beth ya Amazia hufasiriwa. Msomaji huona miji miwili na jengo moja, pale ambapo msikilizaji wa Kiebrania alisikia nyumba moja ikigombaniwa na watu watatu.

Lawama kwa wafasiri haitoshi. Jina likitafsiriwa lote, ramani hupotea. Na si wengi wanaosema Dar es Salaam ambao husikia ndani yake dar, yaani makao, na salaam, yaani amani. Jina likishazoeleka, maana yake husinzia. Lakini katika Hosea maana ndiyo hoja yenyewe, na bila hiyo onyo la nabii hugeuka kuwa maelekezo ya safari. Tanbihi fupi chini ya ukurasa, inayotaja nyumba ya Mungu, nyumba ya ufalme na nyumba ya ubatili, ingemrudishia msomaji wa Kiswahili ugomvi ambao Amosi na Hosea walihatarisha usalama wao kwa ajili yake. Kazi hiyo ni ya wanaisimu sawasawa na wanatheolojia.