Abdul-Latif al-Baghdadi na Darsa ya Mifupa

Wako wanaodhani kuwa darsa za Waislamu wa zamani zilihusu ibada tu. Tarehe inasema vingine. Abdul-Latif al-Baghdadi (557–629 H / 1162–1231 M), mwanazuoni wa lugha, hadithi na utabibu, alipokuwa Cairo akisomesha watu asubuhi katika Msikiti wa Al-Azhar. Adhuhuri wakimjia wanaosoma utabibu, na jioni akirudi msikitini kuwasomesha wengine.

Katika kitabu chake al-Ifada wal-I'tibar anaeleza kuwa wanafunzi walikwama katika maelezo ya Jalinusi, tabibu wa Kiyunani, kuhusu viungo vya mwili. Shekhe akaona maneno hayatoshi. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga Misri (597–598 H / 1200–1202 M), na huko al-Maqs palikuwa na kilima cha mifupa ya waliokufa. Akatoka nao wakatazame. Jalinusi alisema taya la chini ni mifupa miwili. Wao wakaona ni mfupa mmoja. Shekhe hakutosheka na jicho lake: kwa kadirio lake walitazama mafuvu zaidi ya 2,000, na akawataka wengine watazame, yeye akiwapo na asipokuwapo.

Hapo pana mazingatio. Alimheshimu Jalinusi, lakini heshima haikumzuia kusema alichokiona. Wala hakutosheka mpaka alipopata mashahidi, kama afanyavyo kadhi. Basi darsa za afya zinapofanyika misikitini kwetu, muhadhiri asiwape watu maneno ya kukariri tu. Awape cha kutazama na nafasi ya kuuliza, hata kama swali litamsahihisha yeye mwenyewe.

Wallahu a'lam.