HTML ao Markdown? Nani atasahihisha siku haupo



Leo nataka tuongee historia ya kitu ambacho wengi wetu tutakutana nacho kazini: namna ya kuandika kurasa za maelekezo kwenye ordinateri. Tutumie HTML ao Markdown? Mimi jibu nililipata kwa aibu.

Nilipomaliza masomo, niliandikia ofisi moja hapa mjini mwongozo wa kujaza rapoti ya kila wiki. Niliuandika kwa HTML, alama moja moja kwa mkono, na rangi zake na tablo zake. Watu walisifu. Kisha nikasafiri. Nyuma yangu fomu ikabadilika, safu moja ikaongezwa. Mwenzangu akafungua faili ili asahihishe, akakuta msitu wa alama. Alifuta moja bila kujua, tablo yote ikavunjika. Akaogopa, akarudisha ile ya zamani. Niliporudi, nikakuta stajieri wapya wanaandika namba katika safu isiyo yake, wakifuata mwongozo wangu neno kwa neno.

Hili kosa lina mizizi ya mbali. Mwaka 1986 ilitoka kanuni ya kimataifa ya SGML: kuzungushia maandishi alama ili mashine ijue hapa ni kichwa, hapa ni aya. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN kule Uswisi, aliiga mtindo huo alipotengeneza HTML, na mwaka 1991 akatoa orodha fupi ya alama zake. Lakini angalieni jambo moja: programu yake ya kwanza ya kufungulia kurasa ilikuwa pia ya kuziandikia. Mtu angeandika tu, mashine ingeweka alama. Programu zilizoenea baadaye, kama Mosaic ya 1993, zilikuwa za kusoma peke yake. Njo hapo watu wakazoea kuandika alama kwa mkono, kama mimi.

Machi 2004, Mmarekani John Gruber akatoa Markdown, akisaidiwa na Aaron Swartz, kijana wa miaka 17. Waliangalia namna watu walivyokuwa tayari wanaandika barua-pepe: kistari mbele ya kila kitu cha orodha, nyota kuzunguka neno la kukazia. Kichwa ambacho kwa HTML ni `<h2>Rapoti ya wiki</h2>`, kwa Markdown ni `## Rapoti ya wiki`. Hata bila programu yoyote unasoma na unaelewa. Kisha programu ndogo inageuza faili yote kuwa HTML.

Kumbe msomaji anapata HTML kwa vyovyote. Tunachochagua ni kile kinachobaki mkononi mwa anayeandika.

Mfano mkubwa uko karibu nasi. Takwimu za afya za nchi yetu zinapita katika programu ya DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Vitabu vyake vya maelekezo viliandikwa kwanza kwa DocBook, lugha ya alama nzito kuliko hata HTML. Baadaye wakahamia Markdown. Programu ambayo inabadilika toleo baada ya toleo, na inatumika katika nchi nyingi, inahitaji mwongozo ambao watu wengi wanaweza kuugusa bila kuuvunja.

Lakini tusidanganyane, Markdown ina mipaka. Ile ya Gruber haikuwa na tablo. Kila programu iliongeza za kwake, na faili moja ikawa inaonekana hivi hapa, vile kule. Mwaka 2014 John MacFarlane na wenzake walileta CommonMark ili kanuni za msingi ziwe moja. Hata hivyo, tablo ambayo visanduku vyake vimeunganishwa mara nyingi bado inakuomba HTML. Bahati nzuri, Gruber aliruhusu tangu mwanzo kuchomeka HTML ndani ya Markdown.

Ndivyo nilivyofanya. Mwongozo wote niliuandika upya kwa Markdown, nikaacha tablo moja tu kwa HTML, na juu yake mstari mmoja wa kuonya asiyejua asiiguse. Wiki chache baadaye fomu ilibadilika tena. Yule mwenzangu alisahihisha kwa telefone yake, umeme umekatika, bila kuniuliza kitu.

Sisi wasomi tunapenda kazi ionyeshe kwamba tumesoma. Lakini mwongozo ambao mwandishi peke yake njo anaweza kuusahihisha utaanza kudanganya watu siku akiondoka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize: nani atasahihisha siku sipo, na ana chombo gani mkononi?

Na wewe, mwongozo uliouacha kwenye staji yako, nani anaugusa leo?