Marumaru ya Gbadolite na matofali ya Mongbwalu

Wasikilizaji wa Mongbwalu, na ninyi wahami mulio Bunia, kuna ukuta na kuna kinachobandikwa juu yake.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Rais Mobutu alijijengea majumba Gbadolite, kaskazini-magharibi mwa nchi. Kuta za zege zilifunikwa kwa mabamba ya marumaru kutoka Carrara, Italia. Miaka hiyo Mongbwalu ilichimba dhahabu chini ya OKIMO, kampuni ya serikali tangu 1966.

Marumaru ni nzito: bamba la mita moja ya mraba, lenye unene wa sentimita 2, lina kilo zaidi ya 50. Leo viwanda vya ng'ambo hukata bamba la milimita chache na kuligandisha juu ya alumini, liwe jepesi. Jepesi au zito, halibebi paa.

Mwezi wa tano 1997 Mobutu alikimbia. Waporaji wakabandua hata marumaru. Zege ikabaki imesimama.

Mongbwalu nayo iliporwa katika vita vya 2002 na 2003. Familia inayorudi na pesa kidogo iziweke kwanza kwenye msingi na matofali ya kuchoma. Rangi na vigae vitangoja.