Mkato wa Mstari: Juzuu, Mlango na Ubeti wa Utenzi

Ukihudhuria hitima Mji wa Kale hapa Mombasa, utaliona kasha la juzuu likizungushwa. Msahafu umefungwa vijitabu 30, kila msomaji anachukua kimoja, na kwa kikao kimoja Kurani nzima imesomwa. Sura ni 114, na kila moja ina jina lake. Juzuu ni jambo jingine: kazi yake ni kugawana kisomo, kwa watu au kwa siku za Ramadhani. Ndiyo maana mkato wake haungoji maneno yaishe. Hebu mtazame aliyepewa juzuu ya tano. Anaanzia aya ya 24 ya Suratun Nisaa, yaani katikati ya orodha ya wanawake ambao mwanamume haruhusiwi kuwaoa. Sehemu kubwa ya orodha hiyo, aya ya 23, iko mkononi mwa jirani yake mwenye juzuu ya nne. Hakuna anayelalamika, maana kila mtu pale anajua kuwa juzuu ni kipimo tu.

Shida huanza kipimo kinaposahauliwa kuwa ni kipimo. Chukua Biblia. Kwa karne nyingi wanakili wa Biblia ya Kilatini walikuwa na migawo mbalimbali, hata mwalimu na mwanafunzi wenye nakala tofauti wakashindwa kuelekezana mahali pamoja. Katika Paris ya mwanzoni mwa karne ya 13, iliyojaa wanafunzi, hilo lilikuwa usumbufu wa kila siku. Mgawo ulioshinda huhusishwa na Stephen Langton, mwalimu wa huko aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Baadaye Hugh wa Saint-Cher na watawa wenzake wa Kidominiko wakaikata kila sura vipande saba, A hadi G, ili waweze kutunga faharasa ya maneno. Aya zenye namba za Agano Jipya zilingoja hadi 1551, alipozitia mpiga chapa Robert Estienne. Zote hizi ni kazi za darasani na za matbaani.

Na mgawo huu nao una yake. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia siku saba za uumbaji, lakini sura ya kwanza inakwisha siku ya sita. Siku ya saba, ile ya mapumziko, imesukumwa kwenye sura ya pili, ikashikamana na kisa cha Bustani ya Edeni. Mkato huo ulifika kwetu mwaka 1844, Ludwig Krapf alipoanza kukifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Kiswahili hakikuwa na haja ya kukopa Ulaya majina ya vipande hivyo. “Sura” na “aya” zilikuwapo tayari, za msahafu. Na “mlango”, wanaoutumia wengine kwa sura ya Biblia, unafuata “bab”, neno la Kiarabu lenye maana ya mlango, ambalo pia ni jina la sehemu ya kitabu cha fikihi. Mhubiri anayetangaza sura na aya kanisani leo anazungumza lugha ya madrasa, ajue asijue.

Utauliza, mwalimu wa ushairi ana nini na haya? Nina sababu. Sisi nasi tulikatiwa tungo zetu, na mkato wenyewe tunaufundisha kana kwamba mtunzi ndiye aliyeukata. Vitabu vya shule husema ubeti wa utenzi una mishororo minne mifupi. Lakini ukiifungua miswada ya kale ya hati za Kiarabu, mara nyingi utaukuta ubeti mzima umelala kwenye mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama ndogo au kwa nafasi. Ni matbaa iliyovipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine, kwa sababu ukurasa wa kitabu cha kizungu ni mwembamba.

Miswada mingi ya Mombasa, ikiwemo ile ambayo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimnakilia W. E. Taylor, iko London, na wanafunzi wetu wengi huijua kwa picha tu. Mmoja wangu wa uzamili aliniletea nakala ya utenzi aliyokuwa akiihariri. Kila mstari alikuwa ameukata mara nne, na katika dibaji akaandika ati mwanakili “alibana” beti ili kuokoa karatasi! Nikamwambia airudie picha, aache kusoma, atazame tu ukingo wa kushoto. Hati za Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo kina cha mwisho cha kila ubeti, kile tunachokiita bahari, huangukia kushoto. Kinateremka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, silabi ile ile juu ya silabi ile ile, na jicho linaufuata utenzi mzima kama uzi. Katika chapa zetu uzi huo umekatwa. Unauona mara moja kila baada ya mistari mitatu.

Ile sentensi ya karatasi ameifuta. Chapa yake ataitoa kwa kurasa zilizolazwa, ubeti kwa mstari, na dibaji itasema wazi alama zipi ni za mwanakili na zipi ni zake.