Ukolezi

ukolezi nm [u-] Kiasi cha kitu kilichomumunyika katika kiasi fulani cha mmunyo. Mnyambuliko: kolea > koleza > ukolezi.

Matumizi. Jikoni, mchuzi hukolea chumvi. Sayansi imelichukua neno hilo na kulipa kipimo. Katika mashamba ya chumvi ya Kilwa na Lindi, maji ya bahari huingia majarubani yakiwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo 1. Jua na upepo huyapunguza maji, chumvi hubaki, na ukolezi hupanda. Yanapokaribia sehemu 1 kwa 10 ya ujazo wa awali, mmunyo huwa umeshiba, na chumvi ya kupikia huanza kujitenga kuwa fuwele.

Tofautisha. Ukolezi si wingi: kikombe na ndoo za maji yaliyotekwa jaruba moja kwa wakati mmoja zina ukolezi uleule. Wala si uzito: uji ni mzito, ilhali maji ya chumvi yaliyokolea huweza kubaki maangavu.

Tahadhari kwa mfasiri. Pakiti ya dawa ya kurejesha maji mwilini iliyopimiwa lita 1 ikikorogwa katika nusu lita, kiasi cha chumvi hakibadiliki, lakini ukolezi huwa maradufu, na mtoto anayeharisha anaweza kudhurika. Kosa hilo lielezwe kwa kuandika “ukolezi umezidi”, si “chumvi imezidi” wala “dawa imekuwa nzito”.

Taz. pia: mmunyo, mumunyika, shiba.