Kipimo cha Pumzi

Ewe msomaji, huko Bomet, katika nchi ya majani ya chai, iko hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937. Humo mgonjwa aliyeshindwa kupumua husaidiwa na mashine. Je, mashine ikivuma yatosha? La. Oksijeni haina budi kuingia, na hewaukaa kutoka. Kwa hiyo zote mbili hupimwa, katika damu na katika pumzi.

Somo hili lilinunuliwa kwa roho za watu. Mwaka 1952 polio iliushambulia mji wa Copenhagen, Denmark. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliohitaji kusaidiwa kupumua, 27 walikufa. Wengine walipewa oksijeni, hata rangi yao ikapendeza, nao wakafa vivyo hivyo. Daktari Bjørn Ibsen akatambua kuwa hewaukaa ilirundikana damuni. Basi wagonjwa wakatiwa mrija kooni, wakasukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira. Wanafunzi wapatao 1,500 waliiminya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana, naye Poul Astrup akabuni njia nyepesi ya kuipima hewaukaa. Wengi wakaokoka.

Nawe kijana, ukijaliwa kuwa daktari, usiridhike na mvumo wa mashine, tazama kipimo.